Nyufa kwenye trei za manukato: kisa cha stendi za pespeksi zilizopasuka bila kugongwa

Duka moja la manukato jijini Dar es Salaam liliagiza stendi za pespeksi, ile plastiki angavu kama kioo, kutoka karakana ya leza iliyo mtaa wa pili. Oda ilikuwa ya vitu vitatu: ngazi za vidato vitatu za kupangia chupa, trei za testa (chupa za wateja kujaribia) zenye kuta fupi kuzunguka, na vishikio vya bei vilivyokunjwa umbo la L. Siku ya kukabidhiwa mzigo hapakuwa na la kulalamikia. Kingo ziling'aa, viungio havikuonekana, kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa nailoni. Mwenye duka alitaja jambo moja tu, tena kwa kupitia. Nembo ya duka iliyochongwa kwa leza ilikuwa nyeupe pe kwenye ngazi, lakini kwenye trei ilikuwa imefifia kiasi kwamba ukisimama hatua mbili huioni. Fundi akasema ni mwanga wa dukani. Salio likalipwa.

Wiki chache baadaye trei zikaanza kuota mistari. Mwanzoni ilionekana tu ukiinama na kuangalia kwa ubavu, taa ikipiga ukingoni: vimstari vifupi vinavyometa, vimejipanga sambamba, vyote vinatoka ukingoni kuelekea ndani. Ukiangalia moja kwa moja kutoka juu, havipo. Wasichana wa dukani walidhani ni mikwaruzo au uchafu, wakazidisha kufuta. Walivyozidi kufuta ndivyo mistari ilivyozidi kurefuka. Mwisho ukuta wa trei moja ukaachia kwenye kiungio, chupa ya testa ikaanguka ikavunjika, na hapo simu zikaanza kupigwa.

Mwenye duka alikuwa na neno moja: feki. Na hakulisema hewani. Aliazima venia kwa fundi wa jirani akapima unene wa ngazi sehemu mbalimbali, akakuta hapa milimita 4.6, pale 5.2. "Mimi nimelipia milimita tano, fundi. Hizi umeokoteza." Trei nazo alizipima, zikasoma 5 kila mahali, kwa hiyo akakubali kwamba kwenye trei angalau hakupunjwa. Kwamba trei hizo ndizo zilizopasuka vibaya zaidi, hilo lilimshangaza lakini hakulifuatilia. Fundi naye alikuwa na lake: "Mama, pespeksi haipasuki yenyewe. Wasichana wako wanazitupia machupa."

Niliombwa nikaziangalie kwa sababu pande zote mbili zinanijua, na kila upande ulikuwa na hakika kwamba nitamlaumu mwenzake.

Ramani ya nyufa

Kwenye kesi ya plastiki iliyopasuka, shahidi wa kwanza ni ufa wenyewe, kwa hiyo nilizipanga zote mezani kabla ya kumsikiliza mtu. Kitu kilichogongwa kina alama yake. Ufa unaanzia pale palipopigwa, unatawanyika, na mara nyingi kuna kijipande kilichomeguka. Hapa hapakuwa na alama ya namna hiyo hata moja. Nyufa zilikuwa nyingi, fupi, zimepishana kwa umbali unaokaribiana, na kila moja ilisimama wima dhidi ya ukingo. Ufa hufunguka kukingama na mvuto unaoufungua, kwa hiyo nyufa zilizosimama wima kwenye ukingo zinakwambia kwamba plastiki ilikuwa inavutwa kwa urefu wa ukingo huo, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna msichana wa dukani anayeweza kugonga trei namna hiyo.

Hoja ya feki nayo ilikuwa na tatizo. Malighafi mbovu haichagui mahali. Ungetegemea kuona nyufa katikati ya shiti, yaani bamba la plastiki, kwenye kona, popote. Lakini katikati ya trei kulikuwa safi kama siku ya kwanza, na nyufa zote zilikuwa kandokando ya mahali ambapo leza ilipita.

Mgawanyo wake dukani ulisema zaidi. Vishikio vya bei vilivyokatwa kwenye shiti zilezile za trei, visivyo na gundi na vinavyokaa juu ambako hakuna anayevifuta, havikuwa na ufa. Ngazi zilikuwa na nyufa chache, zote zimezunguka viungio vya gundi. Trei za manukato ya kupulizia ndizo zilizoharibika kabisa. Halafu kulikuwa na upande wa pili wa duka, upande wa mafuta, yaani udi, miski na marashi ya mafuta yanayouzwa kwa vichupa vidogo. Trei za upande huo, oda ileile na shiti ileile, zilikuwa na nyufa chache na fupi.

Nilimuuliza msichana anayehudumia upande wa mafuta anasafisha kwa kutumia nini. Akajibu kwamba mafuta hayatoki vizuri kwa spiriti, yanasambaa tu, kwa hiyo yeye hutumia maji ya sabuni. Na wenzake wa upande wa kupulizia? Wao wanatumia spiriti ya duka la dawa, kila mteja akishajaribu testa na kuacha matone. Kwa hesabu yangu, huyo dada alikuwa amemaliza nusu ya uchunguzi bila kujua.

Shiti mbili zenye jina moja

Nusu nyingine ilikuwa kwenye venia ya mwenye duka, ila alikuwa ameisoma kinyume.

Pespeksi ni jina la biashara lililogeuka jina la kitu. Plastiki yenyewe ni akriliki, au kwa jina refu la kikemia polimethili methakrilati. Kampuni ya Röhm & Haas ya Darmstadt, Ujerumani, iliipa jina la Plexiglas mwaka 1933, na kampuni ya ICI ya Uingereza ikaiuza kwa jina la Perspex, ambalo ndilo lililofika pwani yetu na kubaki. Inapitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na ndiyo maana maduka ya manukato, simu na saa yanaipenda: bidhaa inaonekana inaelea.

Shiti ya akriliki inaweza kutengenezwa kwa njia mbili, na dukani zote zinauzwa kwa jina moja. Njia ya kwanza ni kumimina. Kimiminika kinamiminwa katikati ya vioo viwili vilivyotenganishwa na mpira pembeni, kisha kinaachwa kigande taratibu kwenye maji ya moto au oveni. Kinapoganda kinasinyaa, mpira unabonyea, vioo vinapinda kidogo, na kwa hiyo unene wa shiti haulingani kila mahali. Kiwango cha kimataifa cha shiti za kumimina, ISO 7823-1, kinaruhusu tofauti ya milimita 0.4 jumlisha sehemu ya kumi ya unene. Kwa shiti ya milimita 5 hiyo ni milimita 0.9 juu au chini. Vipimo vya 4.6 na 5.2 vimo ndani ya ruhusa, tena kwa nafasi kubwa.

Njia ya pili ni kusukuma. Punje za plastiki zinayeyushwa, zinasukumwa kupitia mdomo mwembamba wa mashine, kisha zinapita katikati ya rola. Hapo unene unatoka sawasawa, na kiwango cha ISO 7823-2 kinadai tofauti isizidi asilimia 5 kwa shiti za kuanzia milimita 3. Bei yake huwa nafuu, inakunjika haraka kwa joto dogo kidogo, na ni nzuri kwa kazi zenye matundu ya kuchomekeana kwa sababu unene haukudanganyi. Lakini minyororo ya molekuli zake ni mifupi sana ikilinganishwa na ile ya shiti ya kumimina, haijasokotana kwa nguvu ileile, na kule kusukumwa kunaiachia mvuto wa ndani wa upande mmoja. Ndiyo maana ukiipasha moto hadi kulainika inasinyaa zaidi kwa urefu wa upande iliyosukumiwa. Na kemikali kama spiriti na vimumunyisho vya gundi vinaipasua kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo ngazi alizoziita feki mwenye duka zilikuwa za shiti ya kumimina, ile ya gharama, na trei alizozisifu kwa unene wake sahihi zilikuwa za kusukuma. Nembo ilishalisema hilo siku ya kwanza. Leza ikichonga juu ya shiti ya kumimina inaacha alama nyeupe yenye ukungu, ikichonga juu ya ya kusukuma alama inabaki bila rangi, imefifia. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho kwa karakana yenye leza, na fundi anakifanya kila siku bila kukisoma.

Alipobanwa, fundi alikumbuka. Shiti za duka la kwanza ziliisha baada ya ngazi, akaenda kununua za trei kwingine. Risiti zote mbili ziliandika akriliki isiyo na rangi, milimita 5. Zote ni mali halisi. Mimi sina ugomvi na shiti ya kusukuma, nimeona mabango na masanduku ya taa yake yakidumu miaka. Ugomvi wangu ni kuipitisha kwenye kazi ambayo ni ya mwenzake na kuishughulikia kama vile hazina tofauti.

Leza, gundi, kisha spiriti

Mteja wa pespeksi akishika stendi, kitu cha kwanza anachopitisha kidole ni ukingo. Uking'aa, kazi ni nzuri. Leza ya kaboni dioksidi, yenye mwale wa urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, inautoa ukingo huo bila kusugua wala kupolishi, na hiyo ndiyo sababu imefukuza misumeno kwenye karakana nyingi za mjini. Shida ni kwamba ule mng'ao ni plastiki iliyoyeyuka. Mwale unageuza akriliki kuwa mvuke, na pembeni mwa njia yake unaacha tabaka jembamba lililoyeyuka. Tabaka hilo linapopoa linataka kusinyaa, lakini limegandamana na mwili wa shiti ambao haukupata joto na hauna mpango wa kusinyaa. Matokeo yake linabaki limevutika, kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, na litabaki hivyo hata ukiiweka trei ghalani mwaka mzima. Ukingo uliokatwa kwa msumeno wenye meno makali ni mbaya wa sura, una ukungu na mistari, ila umetulia zaidi.

Kwenye karakana hii fundi alikuwa amepunguza mwendo wa leza ili mng'ao uzidi. Mwendo mdogo maana yake joto jingi, na joto jingi maana yake tabaka nene zaidi lililovutika. Kile alichokuwa anasifiwa nacho siku ya kukabidhi ndicho kilichokuja kumgharimu.

Baada ya leza ikaja gundi. Mafundi wetu wengi wanaunga pespeksi kwa klorofomu iliyowekwa kwenye bomba la sindano: unabana vipande viwili, unagusisha ncha ya sindano kwenye mpaka, na kimiminika kinajivuta chenyewe hadi mwisho wa kiungio. Kinayeyusha nyuso mbili, zinachanganyika, kisha kinaruka. Kiungio kikitoka vizuri hakionekani. (Klorofomu ni sumu ya ini, na karakana nyingi zinaitumia kwenye chumba kisicho na dirisha lililo wazi. Hilo lina uzito kuliko nyufa zote ninazozieleza hapa.) Lakini ukiigusisha kwenye ukingo ambao umevutika, na ambao hakuna aliyeutuliza kwanza, inapenya katikati ya minyororo ya plastiki na kuipa nafasi ya kuteleza na kuachana. Nyufa za ngazi, zile zilizozunguka viungio tu, zilitokana na hilo. Shiti ya kumimina iliweza kuhimili sehemu kubwa ya shambulio, ila si lote.

Zile nyufa changa zina jambo moja linalowapotosha watu. Ndani yake bado kuna nyuzi ndogo mno za plastiki zilizoshikilia upande huu na ule, kwa hiyo trei inaendelea kubeba mzigo. Mwanga ukipiga kwa ubavu unarudishwa na ile nafasi, ndiyo unaona mmeto. Mtu anafikiri ni suala la sura, anaendelea kuitumia, na nyuzi zinakatika moja moja hadi siku ukuta unapoachia.

Mwisho ni spiriti, na hapa karakana haikuwa na pa kujificha. Hatua yao ya mwisho kabla ya kufunga nailoni ilikuwa kufuta alama za vidole kwa spiriti. Yaani shambulio la kwanza lilifanyika mezani kwao, kwenye kingo zilizotoka kukatwa na kugundishwa siku hiyo hiyo. Dukani likaendelea mara kadhaa kwa siku, pamoja na matone ya testa zenyewe, kwa maana manukato ya kupulizia kwa sehemu kubwa ni ethanoli, kileo cha jamii ileile ya spiriti.

Ethanoli peke yake haiyeyushi pespeksi. Ukichukua kipande kilichotulia ukakifuta kwa spiriti, huenda usione kitu. Na ukingo uliovutika peke yake, bila spiriti, ungeweza kukaa miaka bila ufa, kama vile vishikio vya bei vilivyokuwa vimekaa. Viwili hivyo vikikutana ndipo kazi inaharibika. Waliokuwa na biashara mwaka 2020 wameliona hili bila kulipa jina: vile vizuizi vya pespeksi vilivyowekwa kwenye kaunta, vikifutwa kwa kitakasa mikono asubuhi hadi jioni. Kagua vilivyobaki, angalia kwenye matundu ya skrubu.

Kipimo cha vipande

Maelezo kama hayo yanapendeza masikioni lakini hayamlazimishi mtu kurudisha hela, kwa hiyo tulifanya jaribio mbele ya wote wawili. Tulichukua mabaki ya shiti ya trei na kutengeneza vipande vya aina tatu. Cha kwanza kilikatwa kwa leza kwa mwendo uleule wa trei. Cha pili kilikatwa kwa msumeno na kusuguliwa kwa msasa wa maji. Cha tatu kilikatwa kwa leza kisha kikapashwa moto kwenye oveni na kupozwa taratibu. Vyote vikapakwa spiriti ileile ya dukani kwenye ukingo na kuachwa mezani.

Cha leza kilianza kumeta wakati chai haijaisha. Mistari ilitokea palepale ilipotokea kwenye trei, kwa sura ileile. Viwili vingine havikuonyesha kitu siku ile wala siku iliyofuata. Mwenye duka alikishika cha leza kwa muda, akakigeuzageuza, na neno feki sikulisikia tena.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hupenda kukitaja, cha filamu za kuchuja mwanga kama zile zilizomo ndani ya skrini za kompyuta: unaweka kipande katikati ya filamu mbili zilizopishana na kuona mvuto wa ndani ukijitokeza kwa rangi. Kinafanya kazi vizuri sana kwa polikaboneti, plastiki nyingine angavu. Akriliki ni bahili wa rangi, utaona tu mstari mweupe mwembamba ukingoni, na usipokuwa na jicho lililozoea utaukosa. Kwa karakana ya kawaida kipande cha mabaki na spiriti vinatosha, na gharama yake ni karibu na bure. Kifanyike kila shiti mpya inapoingia, pamoja na kuchonga herufi moja kwa leza ili kujua ni ya kumimina au ya kusukuma.

Hapo ndipo naona udhaifu wa jinsi tunavyokagua kazi hizi. Stendi ilikaguliwa na fundi, ikakaguliwa na mwenye duka, kwa macho na kwa venia, na ikapita kihalali. Hakuna jicho lingeweza kuona mvuto uliokuwa ukingoni. Ubora wa kitu cha namna hii unaamuliwa na mpangilio wa kazi kabla hakijafika kwenye kitambaa cha kufutia, na ukaguzi wa mwisho unabaki kuwa wa mikwaruzo na alama za vidole tu.

Oveni, umeme na hesabu ya fundi

Dawa ya mvuto ni kuipasha plastiki moto tena bila kufikia kulainika, kisha kuipoza polepole. Akriliki inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 na kitu. Mwongozo wa watengenezaji wa shiti ni nyuzi 80 kwa shiti ya kumimina, na 70 hadi 80 kwa ya kusukuma. Muda wa saa unapatikana kwa kugawa unene wa milimita kwa 3, ila usipungue saa 2. Kwa milimita 5 hiyo ni saa 2. Baada ya hapo joto lishuke kwa nyuzi zisizozidi 15 kwa saa, na usifungue mlango kabla halijafika chini ya 60. Vipande vilivyokunjwa vinataka joto la chini zaidi, la sivyo mkunjo unafunguka na kishikio cha L kinarudi kuwa bapa.

Ukijumlisha na muda wa kupasha, ni nusu siku kwa mzigo mmoja. Fundi alilipokea hilo kwa uso wa mtu aliyeambiwa apunguze nusu ya wateja wake. Oveni alijitengenezea kwa bati na koili za jiko la umeme, na kifaa cha kudhibiti joto cha kununua. Kilichomsumbua zaidi ni umeme kukatika katikati. Ukikatika wakati wa kupasha si shida, unaanza upya. Ukikatika wakati wa kupoza, sanduku lenye kuta nyembamba linashuka haraka kuliko inavyotakiwa na unarudisha sehemu ya mvuto uliokuwa umeutoa. Aliziba kuta kwa sufi ya kuzuia joto, na sasa ukikatika, sanduku linashuka lenyewe polepole.

Mpangilio ukageuka: kukata, kupasha na kupoza, ndipo gundi, kisha kuacha viungio vikauke hadi kesho yake kabla ya kufuta. Kufuta ni kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa laini. Spiriti iliondolewa mezani kabisa, na pia ile dawa ya bluu ya kusafishia vioo, kwa kuwa nyingi zina amonia na watengenezaji wa akriliki wanaikataza. Mwendo wa leza ukarudishwa juu. Mng'ao ulipungua kidogo, na hadi leo sijasikia mteja aliyeugundua upungufu huo.

Kuhusu hela, walikubaliana bila kupelekana kokote. Karakana ilibeba trei zote za upande wa kupulizia. Ngazi zilibaki dukani kwa punguzo, zikahamishiwa rafu za juu zenye maboksi yasiyofunguliwa. Upande wa mafuta haukudaiwa kitu.

Swali lililobaki lilikuwa trei mpya zitengenezwe kwa malighafi gani. Fundi alipendekeza shiti ya kumimina iliyopitia oveni. Ingedumu zaidi, lakini testa ni testa, matone hayakomi, na bei ilikuwa imepanda. Nilitaja PETG, plastiki ya jamii ya ile ya chupa za maji. Inastahimili spiriti na kugongwa kuliko akriliki, ila inakwaruzika upesi, ukingo wake wa leza hautoki safi, na inaanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo usiisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mwenye duka alikuwa ameona mtandaoni trei za China zilizotengenezwa kwa mashine ya kujaza plastiki moto ndani ya kalibu, nzima bila kiungio hata kimoja. Kwa wazo hilo hakukosea, kwani kusipokuwa na ukingo wa leza wala gundi vyanzo viwili vya tatizo vinaondoka, ingawa nazo zikipozwa haraka ndani ya kalibu zinabaki na mvuto wake. Lakini kalibu ya chuma inalipa ukitengeneza maelfu, na yeye alikuwa na duka moja. Zile za bei rahisi pia mara nyingi ni polistirini, yenye kuvunjika upesi, na manukato yanaweza kuiharibu kuliko hata pespeksi.

Mwishowe alikwenda kwa fundi vioo, akakatiwa vioo vya milimita 5 vilivyosuguliwa kingo, akaviweka juu ya meza na kuzipanga testa hapo. Vilimgharimu chini ya bei ya trei. Karakana ya leza ilibaki na kazi ya ngazi na vishikio vya bei, na fomu yake ya oda sasa ina mistari miwili ambayo haikuwepo: kitu gani kitagusa stendi hii, na nani ataisafisha kwa kutumia nini.